Mwanao akisema "niko sawa": Somo la ziara ya Ireland kwa wazazi wa wanaraga chipukizi

MECHI ilikuwa haijakolea. Ilikuwa Jumatano, Juni 29, 2022, mjini Hamilton nchini New Zealand, na timu ya taifa ya raga ya Ireland ilikuwa inaanza ziara yake kwa kupambana na Māori All Blacks. Jeremy Loughman, mmoja wa wanaume wa safu ya mbele ya Ireland, aligongwa kichwa akaanguka. Alipojaribu kuinuka, miguu ilikataa kumbeba. Akayumba, akashika nyasi kwa mikono.

Alitolewa nje akapimwa. Muda mfupi baadaye akarejea kucheza, kwani alikuwa amefaulu vipimo. Ni wakati wa mapumziko ndipo madaktari wa Ireland walipoamua asiendelee.

Baadaye, wasimamizi wa raga nchini New Zealand walikiri kwamba mchezaji huyo hakufaa kurudishwa uwanjani hata kidogo. Kule kuyumba peke yake kulitosha kumwondoa kwa siku hiyo nzima, bila kujali matokeo ya vipimo.

Hebu fikiria, mzazi. Uwanja ule ulikuwa na madaktari waliosomea kazi hiyo, kamera za kila upande na picha za marudio. Hata hivyo, mtu aliyeshindwa kusimama aliruhusiwa kucheza tena. Je, kwenye uwanja wa shule ya mwanao, ambako huenda kuna mwalimu mmoja wa michezo na chupa ya maji, itakuwaje?

MDOGO WANGU NA BOMBA LA MAJI

Nilipoitazama video ya tukio hilo kwenye simu, nilimkumbuka mdogo wangu. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, na raga ilikuwa kila kitu kwake. Jumamosi moja alimkaba mpinzani vibaya, akapigwa goti upande wa kichwa. Alimwagiwa maji, akaulizwa kama yuko sawa, akajibu yuko sawa. Alicheza hadi kipenga cha mwisho.

Siku tatu baadaye shule ilifungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, akaja nyumbani. Mama ndiye aliyeona mambo. Kijana alifungua bomba la maji akaliacha likitiririka. Aliuliza nauli ya kurudi shuleni, akajibiwa, na baada ya dakika kumi akauliza tena kana kwamba hajawahi kuuliza. Mchana alijifungia chumbani, pazia zimefungwa, akidai mwanga unamuumiza macho.

Mama alidhani ni malaria. Kwenye kituo cha afya, mhudumu alimuuliza swali moja tu ambalo sisi wote hatukuwa tumeuliza: "Umegongwa kichwa hivi karibuni?" Hapo ndipo kisa chote kilipojulikana.

Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini hakusema ukweli tangu siku ile, alinijibu akiangalia chini: "Ningesema naumwa, ningepoteza nafasi yangu kwenye timu."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Mtoto anayependa mchezo wake si shahidi wa kutegemewa kuhusu kichwa chake mwenyewe. Si kwamba ni mwongo. Ana sababu ya kuficha, na pia ubongo uliotikiswa ndio huo huo unaotakiwa kutambua kwamba umetikiswa.

MECHI TANO, SIKU 18

Ziara ya timu ya taifa ya raga ni safari ngumu. Timu husafiri hadi upande wa pili wa dunia na kucheza mechi mfululizo dhidi ya wenyeji. Ireland, chini ya kocha Andy Farrell, ilicheza mechi tano kati ya Juni 29 na Julai 16: Hamilton, Auckland, Dunedin na mbili mjini Wellington. Tatu kati ya hizo zilikuwa dhidi ya All Blacks, timu ambayo Ireland haikuwa imewahi kuishinda katika ardhi ya New Zealand.

Mechi ya kwanza dhidi ya All Blacks, Julai 2, Ireland ilinyukwa 42-19. Nahodha Johnny Sexton alipata pigo kichwani katika kipindi cha kwanza, hakufaulu kipimo, akakaa nje. Kwa upande wa wenyeji, mkongwe Sam Whitelock alicheza mechi hiyo, na dalili za mtikisiko wa ubongo zikajitokeza baadaye. Alikosa mechi ya pili.

Julai 9, mjini Dunedin, Ireland iliandika historia kwa kushinda 23-12. Siku hiyo Angus Ta'avao wa New Zealand alilishwa kadi nyekundu baada ya kichwa chake kugongana na cha Garry Ringrose wa Ireland. Ringrose naye akatoka.

Kwa hivyo, katika mechi tatu tu za mwanzo, tunaona sura nne za jeraha lile lile. Kuna Loughman, aliyeyumba mbele ya kila mtu na bado akarudishwa. Kuna Sexton, aliyetolewa mara moja. Kuna Whitelock, ambaye dalili zake zilichelewa. Na kuna Ringrose, ambaye nitamrudia mwishoni.

Kisa cha Sexton kilizua mjadala. Wanaraga wa kulipwa hupimwa mara tatu: wakati wa mechi, saa chache baada ya mechi, na tena baada ya kulala usiku mara mbili. Sexton alianguka kipimo cha kwanza lakini akafaulu viwili vilivyofuata. Madaktari wakaamua hakuwa na mtikisiko wa ubongo, naye akacheza wiki moja baadaye. Wapo waliolalamika kwamba mtu aliyeanguka kipimo cha kwanza alistahili kupumzishwa zaidi, hasa kwa kuwa mwezi huo huo wa Julai shirikisho la dunia, World Rugby, lilikuwa limeongeza muda wa mapumziko kwa wachezaji wengi wa kulipwa wanaothibitishwa kuwa na jeraha hilo, kutoka siku 7 hadi 12.

Sitaamua kesi hiyo. Ninachotaka mzazi ajue ni kwamba utaratibu ule wa kupimwa na kurejea uwanjani siku iyo hiyo ni wa watu wazima wa kulipwa pekee. Wao hupimwa kabla ya msimu wakiwa wazima, ili daktari awe na kitu cha kulinganisha. Mwanao hana rekodi hiyo. Kwa watoto na kwa raga ya mashinani, sheria ni moja nayo ni fupi: ukishuku, mtoe, na asirudi siku hiyo.

NINI HUTOKEA KICHWANI

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu ukiwa umezungukwa na majimaji. Kichwa kikigongwa au kikitikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika na kazi zake huvurugika kwa muda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo.

Yapo mambo matatu ambayo wazazi wengi hukosea. Kwanza, si lazima mtoto azirai. Wengi wanaopata jeraha hili hawapotezi fahamu hata kwa sekunde moja. Pili, si lazima agongwe kichwani moja kwa moja. Pigo kifuani au mgongoni linaloyumbisha kichwa ghafla laweza kutosha. Tatu, picha ya CT mara nyingi haionyeshi kitu, kwa sababu kilichovurugika ni utendaji wa ubongo. Picha husaidia kutafuta jambo jingine, kama vile damu inayovuja ndani ya fuvu.

Katika raga, visa vingi hutokea wakati wa kukabana, na mara nyingi anayeumia ni yule anayekaba. Ndiyo maana mafunzo ya kukaba vizuri, mtoto akiinama na kuweka kichwa chake pembeni mwa mwili wa mpinzani, ni muhimu kuliko vifaa. Ile kofia laini ambayo baadhi ya wachezaji huvaa huzuia mikwaruzo na majeraha ya masikio. Haijathibitishwa kwamba huzuia mtikisiko wa ubongo. Kinga ya meno nayo ni ya meno.

DALILI ZA KUTAZAMA

Dalili zinaweza kuonekana papo hapo, au baada ya saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kama ilivyokuwa kwa Whitelock. Mtazame mwanao kwa mambo haya:

- Anaumwa na kichwa, anahisi kizunguzungu au kichefuchefu.
- Anayumba anapotembea au anaonekana kama aliyepigwa na butwaa.
- Anasahau matokeo ya mechi, aliyefunga, au anarudia swali lile lile.
- Mwanga au kelele vinamsumbua.
- Analala kupita kawaida au anakosa usingizi.
- Amebadilika tabia: ana hasira za haraka, analia ovyo, au amezubaa.
- Masomo yanamshinda ghafla, hawezi kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho.

Dalili moja tu inatosha kumweka nje ya uwanja.

Zipo nyingine ambazo hazingoji kesho. Mpeleke hospitali mara moja ukiona maumivu ya kichwa yanazidi, anatapika mara kwa mara, anapata degedege, amepoteza fahamu, anaona vitu viwili viwili, mikono au miguu imekufa ganzi au imelegea, anazidi kuchanganyikiwa, haamki vizuri, au damu au majimaji yanatoka masikioni au puani. Akilalamikia shingo akiwa bado amelala uwanjani, asiinuliwe na wenzake. Aachwe alipo hadi mtu mwenye ujuzi afike.

KIJANA WA CARRICKFERGUS

Timu ya raga ya Ireland ina jambo la kipekee. Huwakilisha kisiwa kizima, yaani Jamhuri ya Ireland pamoja na Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Ni huko Kaskazini, katika mji wa Carrickfergus, ambako mwezi Januari 2011 mvulana wa miaka 14 alikuwa akiichezea timu ya shule yake.

Aligongwa, akaangaliwa, akaendelea kucheza. Akagongwa tena. Karibu na mwisho wa mechi alianguka, na hakupata fahamu tena. Alifariki hospitalini. Uchunguzi wa kisheria uliofanywa baadaye ulieleza kwamba aliuawa na madhara ya pigo la pili lililokuja kabla ubongo haujapona pigo la kwanza. Wakati huo, wazazi wengi na makocha wengi walikuwa hawajawahi kusikia kwamba jambo kama hilo lipo.

Vifo vya namna hii ni nadra sana, na sivitaji ili kukutisha. Navitaja kwa sababu karibu vyote vinaweza kuzuiwa na hatua moja isiyogharimu hata shilingi: kumtoa mtoto baada ya pigo la kwanza. Isitoshe, hata pale ambapo maisha hayapotei, mtoto anayeendelea kucheza akiwa ameumia huchukua muda mrefu zaidi kupona.

SAA 48 ZA KWANZA NYUMBANI

Bibi zetu walituambia mtoto aliyegongwa kichwa asilale. Ukweli ni kwamba, mradi hana zile dalili za hatari, usingizi humsaidia. La muhimu ni asiachwe peke yake. Kwa saa 24 za kwanza awepo mtu mzima karibu, na usiku umtupie macho kuhakikisha anapumua vizuri na ukimgusa anashtuka kama kawaida.

Akiumwa na kichwa, parasetamoli inafaa. Epuka aspirini na ibuprofeni katika kipindi hiki cha mwanzo, kwa kuwa zinaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Na aspirini si dawa ya mtoto hata siku za kawaida, isipokuwa daktari aseme.

Kwa siku mbili za kwanza apumzike na apunguziwe muda wa simu, televisheni na michezo ya kompyuta. Hili huwa gumu, najua. Kwa mdogo wangu, kunyang'anywa simu kulimuuma kuliko lile goti. Hata hivyo, wataalamu wa siku hizi hawashauri tena mtoto afungiwe kwenye chumba chenye giza kwa wiki nzima. Baada ya siku moja au mbili, kutembea kidogo na kazi nyepesi za nyumbani humsaidia kupona, mradi dalili zisizidi.

DARASA KWANZA, UWANJA BAADAYE

Watoto na vijana huchukua muda mrefu kuliko watu wazima kupona. Wengi huwa wazima ndani ya mwezi mmoja, lakini ndani ya mwezi huo ratiba ya michezo shuleni haimngoji mtu. Mashindano ya shule mara nyingi hubana mechi kadhaa ndani ya siku chache, kuliko hata ile ziara ya Ireland. Kila mtu anataka nyota wake arejee: kocha, wenzake, na wakati mwingine hata baba mwenyewe.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na masomo. Mtoto arudi darasani kidogo kidogo, apewe mapumziko, asisukumiwe mitihani. Akiweza siku nzima ya masomo bila dalili, aanze kukimbia polepole, kisha mazoezi ya mpira yasiyo na kugusana. Kugongana kuje mwisho kabisa, baada ya kuonwa na daktari. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, arudi hatua moja nyuma.

Ni muda gani? Uingereza, kwa mfano, ilitoa mwongozo wa michezo ya mashinani mwezi Aprili 2023: mtu aliyepata jeraha hili akae siku 14 bila dalili kabla ya kurejelea mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa, na asicheze mashindano kabla ya siku 21 kupita tangu aumie. Wiki tatu ni kipimo kizuri cha kuweka akilini kocha anapokupigia simu siku ya tano kuuliza kijana anarudi lini.

MASWALI YA KUMUULIZA KOCHA

Hapa Kenya raga imeshika mizizi shuleni, kutoka Nairobi na Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, wavulana kwa wasichana. Imewapa wengi nidhamu, marafiki na hata karo. Sina nia ya kumwambia mzazi amtoe mwanawe kwenye timu. Nashauri tu kwamba siku ya kutembelea watoto shuleni, pamoja na kuku na chapati, ubebe maswali haya:

- Siku ya mechi, ni nani mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza, na ni nani mwenye kauli ya mwisho ya kumtoa mtoto uwanjani?
- Mtoto akigongwa kichwa, nitapigiwa simu siku hiyo hiyo?
- Usiku huo bwenini, ni nani atakayemwangalia?
- Ni nani anayeamua arejee kucheza, kocha au mhudumu wa afya?

Kocha mzuri hataudhika. Atafurahi kujua kwamba siku atakapomtoa mwanao katika fainali, hutamlaumu.

Na nyumbani, zungumza na mtoto kabla hajaumia. Usimuulize tu "uko sawa?", kwa kuwa jibu unalijua. Muulize, "Mechi ilikwishaje? Nani alifunga? Umekula nini baada ya mechi?" Mwambie pia aripoti mwenzake akimwona anayumba, na kwamba hiyo si kusaliti. Zaidi ya yote, mwambie kwa maneno yasiyo na shaka kwamba hutakasirika akikosa mechi.

MECHI AMBAYO RINGROSE HAKUCHEZA

Turudi New Zealand. Baada ya ushindi wa Dunedin, mambo yalikuwa sare, moja kwa moja. Mechi ya Julai 16 mjini Wellington ilikuwa ndiyo ya kuamua. Hakuna kikosi kilichowahi kwenda New Zealand na kushinda mfululizo wa mechi dhidi ya All Blacks tangu Ufaransa mwaka 1994. Kwa Ireland, hiyo ilikuwa mechi kubwa kuliko zote ilizowahi kucheza ugenini.

Garry Ringrose, mmoja wa wachezaji wake muhimu, alikuwa amegongana vichwa wiki moja tu iliyotangulia. Hakuchezeshwa. Nafasi yake ilijazwa na mwingine.

Ireland ilishinda 32-22.

Mdogo wangu naye alikosa mechi zote zilizosalia muhula ule. Timu yao ilicheza bila yeye, ikashinda nyingine na kupoteza nyingine, na mwaka uliofuata nafasi yake ilikuwa bado inamngoja. Leo ni mtu mzima anayefanya kazi yake, na Jumamosi bado huenda uwanjani kuwafunza vijana wa mtaa. Nimewahi kusimama pembeni nikamwona akipuliza kipenga baada ya kijana mmoja kuanguka vibaya. Kijana aliinuka haraka, akafuta vumbi, akasema yuko sawa.

"Najua," mdogo wangu akamjibu, akimshika mkono. "Njoo ukae hapa nami."